Stesheni Isiyo na Mtu

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu la muhula huu, nami nataka kuitumia kuitetea stesheni ndogo ya kijijini kwetu. Kijiji chetu kiko kati ya Pongwe na Muheza, kwenye reli ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Stesheni yenyewe haina stesheni masta, haina karani wa tikiti, haina hata mlinzi. Iko nyumba moja ya mawe, bati limeliwa na kutu, na mbele yake jukwaa ambalo mbuzi hulala juu yake wakati wa jua.

Babu husema kwamba zamani gari la abiria lilipopiga honi upande wa Pongwe, kina mama walikuwa wamekwisha jipanga na vikapu vya machungwa na madafu, na abiria wakinunua madirishani. Mimi sikuliona gari hilo. Lilikoma kabla sijazaliwa. Mwaka 2019 magari ya mizigo yalianza tena kwenda Moshi, nasi watoto tukakimbia kuyapungia mikono, lakini hayakuwa na haja ya kusimama kwetu. Desemba ya mwaka huo huo abiria nao walirudishiwa gari lao, ila lilitoka Dar es Salaam. Liliingia katika reli yetu pale Mnyusi, kwa njia ya Ruvu iliyofunguliwa mwaka 1963, likaelekea Korogwe. Sisi wa huku nyuma, pamoja na Tanga yenyewe, tukabaki kusikia habari zake.

Najua maneno ya wakubwa. Mwalimu mmoja aliniambia ya kuwa gari likisimama kila penye mwembe halitafika, na kwamba mshahara wa karani kwa abiria watano ni hasara. Hesabu hiyo siikatai. Lakini karani si lazima. Kule Uingereza ziko stesheni nyingi za vijijini zisizo na mfanyakazi hata mmoja. Katika baadhi yake abiria huinua mkono ili dereva amwone, ndipo gari lisimame. Akiisha kupanda hukata tikiti humo humo ndani. Asipokuwapo mtu, gari hupita likaenda zake. Na pengine wanakijiji wenyewe hupalilia maua ya stesheni yao bila malipo. Ikiwa nchi tajiri kama ile haioni haya, sisi tuone haya ya nini?

Naandika hivi kwa sababu ya mama yangu. Msimu wa machungwa huamka saa kumi alfajiri, akapakia magunia juu ya bodaboda mpaka barabara kuu, na mvua ikinyesha njia yote ni tope. Mwaka juzi waliteleza. Mguu ulimvunjika, na machungwa yakatapakaa mtaroni. Tulikaa miezi mitatu bila biashara, na ada ndogo ndogo za shule akazilipa mjomba. Kutoka mlangoni kwetu mpaka stesheni ni mwendo wa dakika 5 kwa miguu.

Ombi langu ni hili: siku gari la abiria litakaporudi Tanga, lisimame kwetu hata dakika 2, anapokuwapo mtu wa kupanda. Nasi tusingoje siku hiyo ndipo tuanze. Likizo iliyopita nilikuta mlango wa nyumba ya stesheni umeng'olewa, na kijana aliyeubeba, mwanafunzi kama mimi, akanijibu, "Haina mwenyewe hii." Nilikosa la kumwambia.

Wanafunzi wa kijiji chetu tuko saba hapa shuleni. Tumepatana kwamba likizo ya Desemba, wakuu wa reli na mwenyekiti wa kijiji wakituruhusu, tutafyeka majani jukwaani na kutafuta mlango mwingine. Wazazi wenye mapanga tunawaomba waje nayo. Mbuzi nao watafutiwe pahali pengine pa kulala.