Kwezi wa Masako na gunia la makala

Kabla ya kumwona kwezi wa msituni, mtu humsikia. Mabawa yake hufanya kelele kubwa anaporuka juu ya miti. Akitua juani, manyoya yanayoonekana meusi kwa mbali yanang'aa kijani, buluu na zambarau. Wataalamu humwita Lamprotornis splendidus. Anapatikana kuanzia Senegal hadi Ethiopia, na kusini mpaka Angola na Zambia. Kuna sehemu anakaa mwaka mzima. Kwingine anakuja na kuondoka, akifuata mvua na matunda.

Ndege wa safari kama huyu haokolewi na hifadhi moja. Anahitaji msitu huku na kule, na zaidi ya yote mti mzee wenye tundu, maana humo ndimo anamotaga. Mti wa namna hiyo haupatikani kwa kupanda miche leo.

Masako, kilomita 15 hivi kutoka Kisangani kwenye barabara ya zamani ya Buta, ni mfano unaouma. Kwa miaka mingi hifadhi hiyo imekuwa darasa la Chuo Kikuu cha Kisangani. Lakini miti yake inaishia kwenye magunia ya makala yanayoingia mjini kwa baiskeli.

Ni rahisi kumlaumu mchoma makala. Ila anauza kwa sababu mama wa Mangobo au Kabondo lazima apike, na umeme haumfikii, au unakatika kabla maharagwe hayajaiva. Na maporomoko ya mto Tshopo yako palepale mjini, na kituo cha umeme tangu enzi za Wabelgiji! Viongozi wa jimbo na wa Kinshasa waulizwe kuhusu mitambo hiyo kwanza. Kutuma walinzi Masako huku babula zikibaki bila mbadala ni kumsukuma mkata miti aingie msitu wa jirani.

Vijiji navyo vipewe haki yao. Kanuni ya misitu ya 2002 na amri ya 2014 zinaruhusu jamii kumiliki msitu wa hadi hekta 50,000, bila kulipia na bila kikomo cha muda. Kijiji kisicho na hati kinajua kwamba mti ambao hakikuukata leo, mgeni ataukata kesho. Saini inayotakiwa kwenye hati hiyo ni ya gavana.