MBWA SI MTU, TEMBE ZETU SI ZAKE

Huenda ukacheka ukiona nimeandika habari za mbwa katika jarida la heshima kama hili. Cheka tu. Ukimaliza, nipe sikio.

Likizo iliyopita, mbwa wetu Simba alirudi nyumbani asubuhi akichechemea. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umevimba. Kwa huruma nilitoka mbio hadi dukani nikanunua tembe za ibuprofeni, zile zile anazomeza mama mgongo unapomuuma. Nikawa namfichia moja ndani ya ugali, asubuhi na jioni. Siku mbili za kwanza, wee! Simba alitimka kama mwanariadha, nami nikajiona daktari. Siku ya nne akakataa chakula. Siku ya tano akaanza kutapika, na kinyesi chake kikawa cheusi kama lami. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba weusi ule ulikuwa damu iliyovuja tumboni. Simba hakurudi nyumbani. Majuto ni mjukuu.

Je, kosa lilikuwa wapi? Dawa hizi za kutuliza maumivu na uvimbe huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Ni kweli kemikali hizo huleta uvimbe na maumivu, lakini pia hulinda ngozi ya ndani ya tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ukizizuia kupita kiasi, maumivu hutulia huku tumbo likitoboka na figo zikichoka. Ndiyo maana Simba alikimbia huku akiumia ndani kwa ndani.

Tena fanya hesabu. Tembe ya miligramu 400 kwa mtu wa kilo 60 ni kama miligramu 7 kwa kila kilo. Kwa mbwa wa kilo 15 ni kama 27, yaani mara nne! Isitoshe, mwili wa mbwa hauziondoi dawa hizi kama wetu. Dawa ya naprokseni hupungua nusu mwilini mwa mtu kwa muda wa nusu siku hivi, lakini kwa mbwa huchukua kama siku tatu. Ukimpa kila siku, unamrundikia sumu.

Sisemi mbwa aachwe ateseke, la hasha! Zipo dawa zilizopimwa kwa ajili ya mbwa, kama vile karprofeni na meloksikamu. Hata hizo zina madhara yake, hasa kwa mbwa mzee, mwenye ugonjwa wa figo au ini, au anayetumia dawa za steroidi. Kwa hivyo daktari ndiye apime kilo na kusema kiasi. Nawe mwenye mbwa kazi yako ni kutazama: akikataa kula, akitapika, akiharisha, akinywa maji kupita kawaida au akilegea, simamisha dawa na umwone daktari siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Najua kuna watakaosema, "Ati daktari wa mbwa? Sisi wenyewe twatibiwa kwa shida!" Ni kweli, pesa ni ngumu. Lakini kama huna pesa, usimpe tembe yoyote. Mfunge kivulini apumzike, mpe maji na chakula, kisha uulize afisa wa mifugo aliye karibu. Hayo ni nafuu kuliko tembe nilizonunua mimi. Na tusisahau kuwa Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Mbwa alindaye boma usiku kucha nasi tukilala fofofo, je, hastahili hata swali moja kwa mtaalamu kabla hatujamtia kitu kinywani?

Wanachama wenzangu, huruma bila maarifa huua. Mimi sikumchukia Simba, nilimpenda, na mkono uliompa sumu ndio uliokuwa ukimlisha. Ukifika nyumbani likizo hii, waambie wazee, waambie na wadogo zako: tembe za watu ziwe za watu. Tahadhari kabla ya hatari.

Mwanachama, Kidato cha Tatu