Tope la Shamba Libaki Shambani

Mwaka juzi, masika ikiwa imekolea, nilipitia shamba la rafiki yangu Arumeru kabla ya kwenda Karatu kumsalimia mama mkwe. Pikapu ilizama hadi ekseli, ikavutwa na trekta, nikaondoka hivyo hivyo kwa sababu jua lilikuwa linazama. Nilipofika ukweni niliona aibu kuegesha uchafu ule uani kwa watu. Alfajiri nikachukua kipande cha bati, nikajilaza chali chini ya gari, nikakwangua mabonge yaliyojaza ndoo mbili. Nikayamwaga pembezoni mwa bustani ya mchicha. Udongo ni udongo, nilijiambia, tena huu una rutuba.

Miezi miwili baadaye simu ikaita. “Baba Neema, shikamoo yako nimeshaipokea, sasa nijibu. Hizi karoti ulizotupandia mbona hazina karoti chini? Na watoto waliozing'oa wanajikuna mpaka usiku.”

Lilikuwa gugu karoti. Wakazi wa Arusha wanalijua, hata wasiolijua jina: majani yaliyochanika-chanika, maua meupe madogo kama chenga za mchele. Asili yake ni Amerika, pande za Ghuba ya Mexico, na huku kwetu lilitambuliwa Arusha mwaka 2010. Mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na mvua ikilikubali linachanua ndani ya wiki chache tu. Linatoa kemikali zinazodumaza mimea jirani. Ng'ombe akikosa majani mengine akalila, maziwa yanakuwa machungu. Kwa binadamu ni ngozi kuwasha, na kwa wengine kifua kubana. Mbegu zenyewe ni ndogo kiasi kwamba bonge moja la tope ukubwa wa ngumi linaweza kuzificha nyingi bila wewe kuona hata moja. Ukitaka kujua linasafirije, tazama linapopenda kuota: kandokando ya barabara, kwenye vituo vya magari, kwenye mageti ya mashamba. Limefuata magurudumu yetu.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wenye magari yanayoacha lami. Wa Canter za nyanya, wa Noah za minadani, wenye matrekta na mashine za kuvunia zinazokodishwa kijiji hadi kijiji, madereva wa watalii, na wenzangu wa pikapu. Ukitoka kwenye tope, simama hapo hapo kabla hujashika barabara kuu. Toa robo saa. Beba kijiti kigumu na kipande cha bati, au koleo fupi kama unalo, ukwangue ndani ya madigadi, juu ya springi, juu ya kinga ya injini na juu ya tangi la mafuta, kule ambako tope hukaa kama mkate kwenye chombo. Tope lililotoka shamba hilo libaki kwenye shamba hilo. (Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Robo saa hii si ya kufia.)

Kama magugu hayakugusi, basi nikuguse mfukoni. Ni madereva wangapi wamewahi kurudi safari, wakifika mwendo wa 80 usukani unatetemeka, wakakimbilia kubalansi tairi, halafu fundi mwenye akili akaingiza mkono upande wa ndani wa rimu na kutoa bonge lililokauka kama tofali? Mimi ni mmoja wao, na nilikuwa nimeshaagiza tairodi mpya. Tope lililoganda kwenye chasisi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma wiki nzima baada ya mvua kukatika, kutu ikila taratibu mahali usipopaona. Majani makavu yaliyonasa juu ya ekzosi ni moto unaosubiri mlima mrefu. Rejeta iliyozibwa tope huchemsha injini, na lawama zote zinaangukia maji.

Kuosha kwenyewe kuna adabu yake. Tope bichi linatoka kwa maji tu, lililokauka linataka ugomvi, kwa hiyo usilale nalo. Acha breki na ekzosi zipoe kwanza. Maji mengi ya polepole hufanya kazi kuliko watu wanavyodhani: laza mpira wa maji chini ya gari, uuache ulowanishe, uhamishe, uende ukanywe chai, urudi. Mashine ya presha ni nzuri kwa chasisi na madigadi, ila usiielekeze karibu kwenye oili sili, kwenye raba za sivijointi wala kwenye kitundu cha kupumulia difu. Maji yakiingia humo, siku ukifungua utakuta oili imekuwa chai ya maziwa. Ukimaliza piga grisi kwenye nipeli mpaka ile iliyochafuka itoke, kisha endesha taratibu ukigusa breki ili zikauke.

Halafu kuna desturi yetu ya kupulizia oili chafu au dizeli chini ya gari “ili chuma kisishike kutu”. Nimeifanya miaka mingi na sasa naipinga. Bushi za raba zinavimba na kulegea, vumbi linagandia juu ya mafuta na kutengeneza uji mweusi usiotoka, na kinachobaki kinadondokea ardhini mbele ya mlango wako. Ukitaka kinga, nunua rangi ya chini ya gari, uipake juu ya chuma kilichosafishwa na kukauka.

Mtoni nako tusiende. Najua, maji ni ya bure, kuna kivuli, na vijana wa ndoo wako tayari. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kwa sababu, na sababu hiyo wakazi wa Arusha wanaweza kuifuata kwa kidole kwenye ramani: mto Themi unaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani mpaka baharini. Grisi ya pikapu yangu na mbegu za gugu zinapanda usafiri huo huo, zikipita kwa wavuvi na wanaomwagilia mpunga.

Kwenu vijana mnaoosha magari, ombi langu ni dogo. Chimbeni shimo la kunasa tope kabla maji hayajafika mtaroni. Kila wiki zungukeni mahali penu pa kazi mkiangalia vimea vyenye majani ya karoti, mving'oe na mizizi yake kabla havijachanua, mikono ikiwa ndani ya glovu au hata mfuko wa plastiki. Sehemu ya kuoshea magari ya mji mzima ndiyo ya kwanza kuota gugu la mji mzima. Na kwenu madiwani: Queensland, kule Australia, gugu hili hili limewasumbua wafugaji kwa miongo mingi, na huko kuna vituo vya umma vya kuoshea magari na mashine kabla hazijahamia eneo lingine. Sisi hatuhitaji kuanza na kitu kikubwa. Sakafu ya zege, bomba moja na shimo la kuchujia, kwenye mnada mmoja, tuone.

Bustani ya mama mkwe ilipaliliwa misimu mitatu mfululizo, na mwezi uliopita alinionyesha miche miwili mipya karibu na ua. Kipande cha bati nilichokitumia siku ile amekitundika kwa kamba kwenye nguzo ya geti. Pikapu yangu haivuki hapo mpaka mjukuu mkubwa ainame, aangalie ndani ya rimu zote nne, aseme, “Bibi, ni safi.” Ndipo naruhusiwa kuamkia.