Paka si Najisi, Lakini Ufagio U Wapi?

Ijumaa moja mwezi uliopita, baada ya sala, nilipitia nyumba ya rafiki yangu mmoja hapa Mambrui kumjulia hali. Mapokezi yalikuwa mazuri, sina la kusema. "Karibu maalim, pita ndani, kaa hapo mkekani." Nikakaa. Kahawa ikaja, halua ikaja, mazungumzo yakanoga mpaka adhana ya alasiri ikatukuta pale pale. Nilipoinuka nikahisi ubaridi nyuma ya kanzu. Kupapasa, majimaji. Kunusa vidole... wasomaji walio mezani wataniwia radhi. Pembeni mwa chumba alikuwa ameketi paka wa manjano, mnene, anajilamba mkono kama aliyemaliza kazi ya halali.

Mwenyeji wangu hakushtuka. Alicheka, akasema, "Si neno maalim, paka si najisi." Kisha akamwita binti yake alete chetezo, chumba kikafukizwa udi. Udi juu ya mkojo wa paka! Harufu ile sijapata kuikuta tena na siombi kuikuta. Nilirudi nyumbani kwa vichochoro, kanzu nimeishika kwa nyuma kama mtoto wa chuo aliyetoka kupigwa bakora. Hadi nimekoga na kubadilisha nguo, jamaa ya alasiri ilikuwa imekwisha kunipita.

Kanzu imefuliwa, nimesamehe. Ila lile neno "paka si najisi" lingali linanikereketa, maana si yeye peke yake anayelisema. Siku hizi limekuwa ngao ya kila mvivu. Ni neno la kweli, hakuna anayelikana. Kisa cha Abu Qatada twakijua sote tuliopita chuoni: alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, na Kabsha, mke wa mwanawe, alipostaajabu, akamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa mnyama huyu si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Vyema. Aliyetajwa hapo ni paka, mdomo wake na mwili wake. Mkojo wake nao umesamehewa na nani? Sisi watu wa pwani tu Mashafii, na wanavyuoni wetu hawakutuacha gizani: mkojo na mavi ya mnyama, awe paka, awe kuku, awe mbuzi, ni najisi. Huondolewa kwanza rangi na harufu yake, kisha maji yakapitishwa juu yake. Harufu huondolewa, haifunikwi kwa harufu nyingine. Tangu lini chetezo kikatwahirisha busati?

Sisemi watu wasifuge. Hasha! Paka wa nyumba haingwa, walisema wazee, na huyo huyo ndiye anayetuondolea panya kwenye gunia la mchele. Tena sote twamjua yule mwanamke aliyemfunga paka, asimpe chakula wala asimwachie akajitafutie, na adhabu aliyoipata kwa hilo. Kumhurumia mnyama ni ibada. Basi ibada hiyo na iwe na ufagio wake, kama sala ilivyo na udhu wake.

Na watu wa Mambrui si watu wa kufunzwa ustaarabu. Mji wetu ni mkongwe. Kaburi letu la mnara lilipambwa kwa bakuli za kaure za Kichina, na mwaka 2010 wachimbaji kutoka China pamoja na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walifukua hapa hapa sarafu ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424. Ni mfalme huyo huyo ambaye mwaka 1415 alipokea twiga kutoka kwa jirani zetu wa Malindi. Twiga mzima, merikebuni, toka pwani hii hadi China! Mimi huwa najiuliza, ni nani aliyekuwa akizoa mavi ya twiga yule usiku na mchana baharini? Hapana budi alikuwapo mtu, na mtu huyo hakuandikwa popote. Wazee waliweza twiga chomboni, sisi twashindwa na paka sebuleni.

Tumwache paka kidogo, tumwangalie kuku, maana paka ana afadhali. Nyumba nyingi huku kuku hulazwa ndani kwa kuhofia wezi na ngawa. Anaingizwa kwenye tenga, tenga linasukumwa mvunguni, na juu ya kitanda hicho hicho wanalala watoto watatu. Asubuhi kuku anafunguliwa, tenga linabaki. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, lakini nani anayeinama? Utafagiwa ukumbi, utafagiwa mlango wa mbele anaopita mgeni, na mvungu utaachiwa Mungu. Halafu mtoto anajikuna usiku kucha, anapelekwa kwa mganga, anapakwa hiki na kile, kumbe ni utitiri wa kuku umepanda kwa miguu ya kitanda. Kuku ajengewe kizimba uani, cha fito na makuti au mabati, kiinuliwe kutoka chini, kifungwe kwa komeo. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye panga na misumari.

Na viroboto? Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki ki mkekani mwako. Watu humwosha paka Jumamosi, naye akalia kilio cha kufiwa, na Jumatano wanajikuna upya na kumlaani mnyama wa watu. Kiroboto anayeonekana mwilini mwa paka ni mkubwa tu, aliyekwisha kuwa na familia. Mayai yake hudondoka chini, yakaanguka katika nyufa za sakafu na katikati ya ukili wa mkeka, na watoto wake hukulia humo, gizani, wakingoja zamu yao. Kwa hiyo pamoja na paka, shughulikia anapolala. Mkeka utolewe uani upigwe kwa fimbo mpaka utoe vumbi la mwaka jana, uachwe juani kutwa. Sakafu ifagiwe mpaka pembeni. Kitambaa anacholalia kichemshwe. Jua la pwani halilipiwi, na bado tunafunga madirisha.

Paka mwenyewe, ukimtendea haki, ni msafi kuliko baadhi yetu. Mpe kasha la mchanga, na mchanga Mambrui si wa kununua, ataingia humo, atamaliza, atafukia. Ni mwanadamu ndiye anayeliacha kasha lile wiki nzima. Hapa wasomaji wanisikilize vizuri. Katika mavi ya paka huweza kuwamo kijidudu kiitwacho toksoplasma. Kikitoka tu hakiambukizi, huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Anayezoa kila siku amekiwahi, anayengoja Ijumaa hadi Ijumaa amekifuga. Mama mjamzito asiliguse kasha hilo, maana kijidudu hicho chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Atazoa mume. Ndiyo, bwana, wewe uliyempenda paka ukamleta mfukoni toka sokoni Malindi. Na mwenye kumwaga jiki juu ya mkojo mbichi aache, kwani mkojo una amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoa hewa inayochoma kifua. Anza kwa maji mengi na sabuni.

Kwa kuwa kalamu ingali mkononi, niruhusuni niseme na la baraza, ingawa sikulikusudia. Baraza za wazee wetu zilikuwa za kahawa, bao na habari za pepo za kusi na kaskazi. Leo baraza ni za muguka. Vijana wenye afya, Mungu awahifadhi, wanakaa toka adhuhuri wakitafuna kwa mashavu yaliyovimba, wanatema mate kwenye ukuta uliopakwa chokaa kwa ajili ya Idi, wanaacha vijiti na majani chini. Mbuzi nao si wajinga. Wanakuja kula mabaki, wakishiba wanajilaza barazani, wanaacha vidonge vyao, na mwenye nyumba akitoka alfajiri anavikanyaga kwa ndara. Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Kilifi ilipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na biashara ikaendelea. Ya sheria wayajue mawakili. Mimi nauliza nani atafagia. Lamu wana punda tele vichochoroni, lakini sijapata kuona punda kalala kwenye baraza la mtu.

Tena kuna wale ukiwauliza watakwambia usiku hakufagiwi, kufagia usiku ni kufukuza riziki. Haya, tuwakubalie. Je, asubuhi? Maana riziki yao nyingine naona hulala mpaka saa tatu. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na mimi nimeingia katika nyumba zenye milango ya nakshi, seti ya viti vya kupendeza na pazia la kuvuta kwa kamba, nikakuta chini ya kiti mfupa wa changu wa juzi, paka kauficha, shombo limetanda, na mwenyeji anashangaa nzi wametoka wapi. Kina mama wetu, wallahi, wanajitahidi. Hushinda wameinama na fagio la chelewa mpaka migongo inapinda. Wanaume ndio wanaoleta wanyama, wakawapa majina mazuri, wakaenda zao msikitini.

Hayo yote niliyaandika juzi usiku, nikaridhika nayo, nikamsomea mama watoto kabla ya kuyapeleka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno huku akichambua mchele. Kisha akaniuliza, "Ile kofia yako ya vito ya Idi, umeiona?" Nikamwambia imepotea yapata wiki tatu, nadhani niliisahau kwenye arusi. Hakujibu. Akaelekeza kidevu chumbani.

Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa mvunguni. Kofia ilikuwa mwishoni kabisa, ukutani, imebonyea, na juu yake watoto wanne wa paka, pamoja na mengine nisiyoyataja. Nikatoka na utandabui ndevuni nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizi.

"Nilikuwa nangoja siku utakayoinama," akasema. Fagio alikuwa ameshaliegemeza mlangoni.