VIAZI VYETU KWANZA, NA MIZANI PIA



Mwezi wa Januari 2022 mikahawa ya KFC hapa Kenya iliishiwa na chipsi. Sababu? Meli ilichelewa! Viazi vyao vilikuwa vikiletwa kutoka ng'ambo, na huku Molo, Kuresoi na Mau Narok watu wanalima viazi miaka nenda miaka rudi. Wananchi walipopiga kelele, kampuni ikaahidi kununua kwa wakulima wetu. Lakini ahadi si sheria. Sisi twataka sheria: viazi vya ng'ambo vizuiwe wakati wa mavuno yetu.

Wako wasemao kwamba mfanya kazi wa mjini ataumizwa na bei. Twawajibu: mtu wa Molo akikosa fedha, nani atanunua vitu vya Nakuru?

Hata hivyo tusidanganyane. Kufunga bandari peke yake hakutajaza sufuria ya mchimba viazi. Kanuni za mwaka 2019 zasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lakini madalali wamezoea kurefusha gunia kwa wavu. Mkulima hulipwa gunia moja, mpakizi hubeba mzigo wa mawili. Mgongo wake ndio mizani!

Basi twadai mambo matatu: viazi vya nje vizuiwe, kila gunia lipimwe, na bei ikipanda mshahara wa shambani upande nayo. Mkulima akilindwa na mfanya kazi akaachwa, aliyelindwa ni dalali.

Umoja ni nguvu!