Mafao hayapungui, lakini yatanunua ng'ombe wangapi?

Natumaini ule mshiko wa mwisho wa mwezi bado haujakata roho. Wiki hii tuwape likizo wenye nyumba ndogo. Tuzungumzie kitu kinachoweza kuvunja nyumba kubwa haraka zaidi: mafao ya uzeeni.

Chukua mzee wa Mhunze, pale Kishapu. Kafanya kazi mgodini, pengine Mwadui kwenye almasi, pengine Geita kwenye dhahabu. Siku anastaafu, kila mtu anakuwa mtaalamu wa fedha. Shemeji ambaye hajaonekana tangu msiba wa mwaka juzi anabisha hodi alfajiri: "Shikamoo shemeji! Hiyo pesa usiichezee. Kuna mahali ukiiweka haipungui hata senti tano!"

Marahaba, shemeji. Lakini kabla mzee hajafungua pochi, amwulize maswali mawili: anayeahidi ni nani, na kisichopungua ni kitu gani?

Wasukuma wanalijua jambo hili kabla ya benki kufika. Una ng'ombe 10, huna malisho. Unamkabidhi jirani akuchungie. Yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe wako. Raha tupu! Ila ukija ukame, ahadi ya jirani ina nguvu sawasawa na jirani mwenyewe. Kama zizi lake limeteketea, utamdai kwato?

Wamarekani nao wana mchungaji wao. Baada ya sheria yao ya pensheni za waajiri ya 1974, kampuni za bima zilikazana kuuza mikataba kwa mifuko ya wafanyakazi: tupeni akiba zenu, tutawarudishia mtaji wote pamoja na riba tuliyopatana, soko lipande lisipande. Mfanyakazi anayeogopa hisa alilala usingizi mnono. Mikataba ya jamii hiyo ipo hadi leo, ingawa imebadilishwa sana.

Mwaka 1991 kasheshe likaanza. Kampuni ya bima ya Executive Life ya California ilikuwa imejaza hatifungani za hatari zenye riba tamu, na mwezi Aprili serikali ya jimbo ikaikamata. Julai ikafuata Mutual Benefit Life ya New Jersey. Miongoni mwa waliokumbwa ni wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Unisys, ambao sehemu ya akiba zao ilikuwa Executive Life. Pesa "isiyopungua" ikafungiwa, kesi zikaenda mahakamani. Mchungaji alikuwa kaingia ukame.

Basi hilo ni swali la kwanza, la nani. Swali la pili, la nini, hatuhitaji kupanda ndege. Lilitukuta hapa hapa.

Wazee mnaukumbuka mfuko wa NPF, ulioanzishwa kwa sheria ya 1964. Haukuwa na pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi alichangia, mwajiri akachangia, uzeeni mtu anapewa akiba yake na riba kwa mkupuo, kwaheri ya kuonana. Tarakimu hazikupungua, ziliongezeka. Lakini miaka ya 1980 mpaka katikati ya 1990 bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Sasa piga hesabu na mimi, mfano tu: shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10, miaka mitatu, inakuwa 133,100. Ng'ombe aliyeuzwa 100,000, bei yake ikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka, sasa ni kama 219,700. Pesa yako imekua, bwana, lakini mnadani utarudi na kamba mkononi.

Ndiyo maana Sheria Namba 28 ya 1997 ilileta NSSF na pensheni ya kila mwezi badala ya mkupuo mtupu. Hapa hesabu inategemea miezi uliyochangia na mshahara wako, na mzigo wa soko kuyumba unabebwa na mfuko, siyo wewe. Tangu Julai 2022 kikokotoo ni kimoja kwa NSSF na PSSSF: mkupuo asilimia 33, iliyobaki unalipwa mwezi kwa mwezi. Bajeti ya 2024/25 ikasogeza mkupuo hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Najua wengi mmenuna, mnataka chote mkononi. Nawaelewa. Lakini mkupuo ndiyo sehemu ambayo shemeji anaifuata. Pensheni ya kila mwezi haina shemeji, maana haitoshi kununua basi bovu.

Kwa hiyo huo mkupuo, kabla hujaukabidhi kwa yeyote anayesema "haupungui", muulize haya. Moja, ukianguka wewe, nani atanilipa? Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inalinda hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja. Je, huko kwako yupo mlinzi? Mbili, nikiugua kesho nikataka pesa yangu, nitakatwa kiasi gani? Tatu, riba yako inazidi kupanda kwa bei, au inakimbizana nayo kwa nyuma? Akijikuna kichwa, mpe chai, msindikize.

Na mama, wewe uliyebaki Mhunze ukilima pamba na mtama wakati baba yuko mgodini, usisubiri hadi siku ya kustaafu. Mwambie: "Baba Fulani, hebu tuone taarifa ya michango yako." Mwajiri asiyepeleka michango ni ukame unaoanza kabla hata ng'ombe hajafika kwa mchungaji. Miezi inayohitajika kwa pensheni ni 180, yaani miaka 15. Pengo likigundulika leo unaweza kulidai. Likigundulika siku ya kuaga kazi, mtaimba wote wawili.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Shemeji, pole, nakupenda hivyo hivyo.