Genge halifungi ofisi

Wasee, tuache kudanganyana. Semina ya siku moja, tishati ya bure na soda haziwezi kumtoa dogo kwenye genge. Mheshimiwa anapigwa picha, anaposti, anaenda zake. Jioni genge liko palepale kwa kona, na linamjua huyo dogo kwa jina.

Kumbuka Kazi Mtaani. 2020, corona ilipoua kazi, vijana walilipwa shilingi 455 kwa siku kuzibua mitaro na kufagia mitaa. Ilisaidia, sikatai. Lakini malipo yalichelewa, halafu programu ikaisha. Genge haliishiwi na bajeti. Linakupa chakula leo, ulinzi leo, heshima leo.

Sasa angalia Mathare. Chama cha michezo cha MYSA kilianza 1987 na kiko hadi leo. Timu ikisafisha mtaa, inapata pointi za ligi. Humo ndimo ilizaliwa Mathare United, mabingwa wa Kenya 2008. Mtoto akijiunga na miaka 10, akifika 16 bado anaikuta ligi. Hiyo ndiyo dawa: kukaa.

Kwa hivyo ukituletea mradi wa vijana, swali ni moja: mwaka ujao utakuwa hapa? Kama uwanja wetu umegeuzwa ploti, weka semina yako. Rudisha uwanja, lipa kocha.

Na sisi pia, kaunti ikiita wananchi kujadili bajeti, tujaze ukumbi. Tukiwaachia wazee peke yao, tusishangae pesa ya kocha ikikosekana.